Ghala Hufagiliwa Kabla ya Mavuno

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya walimu, wafanyabiashara wa nafaka, viongozi wa dini na wanachama wa vyama vya mtaa

Ndugu Mwenyekiti, masheikh na wachungaji mliotufungulia kwa dua na maombi, wafanyabiashara mliofunga maduka mapema ili muwe hapa, na wewe mwalimu wangu wa hesabu uliyeketi mstari wa pili, ambaye namshukuru Mungu bado unatembea bila mkongojo: hamjambo nyote. Naomba radhi kwa joto la ukumbi huu. Mafeni mawili yanazunguka, la tatu linatuangalia tu.

Nimealikwa nizungumze juu ya benki za chakula: zilianzaje, zimekuaje, na watu wa kawaida huzichangia vipi mpaka zikasimama. Aliyenialika nadhani alikuwa akimtaka mwanauchumi. Amepata karani mstaafu wa mzigo. Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu pale bandari ya Kilindini ilikuwa kuhesabu magunia yanayotoka melini, kuhesabu magunia yanayoingia godauni, na kueleza kwa maandishi kwa nini hesabu hizo mbili hazilingani. Kazi hiyo haikunipa shahada, ila ilinipa jicho, na ndilo jicho nitakalolitumia jioni hii.

Nia yangu naitaja mapema ili mtu asilale akiingojea. Sisi ni hodari wa kuchanga ng'ombe wakishakufa. Picha za mizoga zikifika kwenye televisheni, mikono yetu hufunguka, na simu zetu pia. Benki ya chakula ni kazi ya kuchanga ng'ombe wakiwa bado wanene, mahindi yakiwa rahisi na hakuna anayelia. Nitaleta hoja tano. Hazilingani urefu, na ya nne ndiyo hasa iliyonitoa nyumbani.

Hoja ya kwanza: Benki ya chakula huuza jumla, haiuzi rejareja

Mwaka 1967, katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, alikuwapo mtu aitwaye John van Hengel. Alikuwa akijitolea katika jiko la kuwalisha maskini, na kwa kuwa mji ule una michungwa na milimau mingi uani mwa watu, yeye alizunguka na lori kuukuu akichuma matunda ambayo wenyewe walikuwa wakiyaacha yaanguke. Siku moja akakutana na mama mmoja mwenye watoto kumi, mumewe yuko gerezani, aliyekuwa akiwalisha watoto wale kwa vyakula ambavyo maduka makubwa yalitupa kwenye mapipa. Vingi vilikuwa vizima kabisa. Mama huyo akasema ingefaa pawe na mahali kama benki, mwenye nacho aweke, na mwenye kukosa aje achukue.

Nataka msipite hapo haraka. Jina tunalolitumia leo katika mikutano ya kimataifa lilitoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa ndani ya pipa la taka akitafuta chakula cha watoto. Van Hengel alilipeleka wazo kanisani, Parokia ya Mtakatifu Maria ikampa jengo lililokuwa halitumiki na dola 3,000, na mwaka wa kwanza wakagawa ratili 275,000 za chakula. Kwa mizani yetu hizo ni kama tani 125. Mimi nimewahi kuona meli ikishusha tani 125 kabla ya chai ya saa nne. Lakini hizi zilikuwa zimekusanywa kutoka kwenye miti ya watu na milango ya nyuma ya maduka, kreti kwa kreti.

Sasa, benki ile haikuwa jiko. Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Tukisikia benki ya chakula tunaona foleni ya watu na sahani. Mwenye sahani ni mwingine: ni kanisa, ni msikiti, ni shule, ni kituo cha wazee, ni yule mama wa mtaa anayejua nyumba gani haijawasha moto tangu juzi. Benki hukaa nyuma yao wote. Hupokea kwa wingi, hupima, huchambua, huhifadhi, hugawa kwa vituo, nao wahusika wa vituo hugawa kwa watu. Kwa lugha ya soko la Kongowea, benki ni duka la jumla. Mtandao wa benki hizo nchini Marekani, unaoitwa Feeding America, una benki kama 200 na vituo shirika kama 60,000. Gawanyeni wenyewe: kila godauni moja lina wastani wa vituo mia tatu mbele yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia benki fulani ya chakula ya jimbo imekua, siulizi imejenga godauni la ukubwa gani. Nauliza ina vituo vingapi vinavyorudisha hesabu.

Hoja ya pili: Ukuaji hutaka sheria, na ukuaji una aibu yake

Van Hengel hakutaka kutawala. Miji mingine ilipomjia aliifundisha kazi, na kufikia mwaka 1979 benki zile ziliungana kwa jina la Second Harvest, yaani mavuno ya pili. Wasomaji wa Torati hapa wanajua asili yake: mwenye shamba aliamriwa asivune mpaka pembeni kabisa, na asirudi kuokota masuke yaliyoanguka, bali amwachie maskini na mgeni. Ruthu alikula kwa sheria hiyo. Jina la sasa la mtandao huo lilikuja mwaka 2008.

Lakini masuke hayakuanguka kwa huruma peke yake. Mwaka 1976 sheria ya kodi ya Marekani ilibadilishwa ili kampuni inayotoa bidhaa zake kwa ajili ya wahitaji ipate nafuu ya kodi. Mwaka 1996 Rais Clinton akatia sahihi sheria nyingine, inayomkinga mtoaji wa chakula kwa nia njema asishtakiwe iwapo chakula hicho kitaleta madhara, maadamu hakuwa na uzembe mkubwa. Ukitaka kujua kwa nini mwenye duka kubwa hapa mjini hukubali kumwaga maziwa yaliyobakiza siku mbili kuliko kuyapeleka kwenye kituo cha watoto, usimtafutie roho mbaya. Mtafutie wakili wake. Anaogopa, na kuogopa kwake kuna maana.

Ya aibu ni hii. Tarehe 9 Aprili 2020, wakati wa korona, benki ya chakula ya San Antonio, Texas, iligawa chakula kwa familia kama 10,000 kwa siku moja. Ipo picha iliyopigwa kutoka angani, magari yamepangwa safu kwa safu kwenye uwanja wa soko, na kwa mbali hujui kama unatazama mnada au mkutano wa injili. Mjukuu wangu aliponionyesha kwenye simu aliuliza, "Babu, mtu ana gari na hana chakula?" Nilimwambia ndiyo, inawezekana, gari halipikwi, na huenda hata halijamaliza kulipiwa.

Picha ile ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba benki ya San Antonio ilianza mwaka 1980. Familia zile 10,000 zililishwa siku ile kwa sababu ghala lilikuwa limefagiliwa miaka arobaini. Malori yalikuwapo, madereva walikuwapo, na daftari lilikuwapo kabla ya ugonjwa kupewa jina. La pili ni kwamba nchi tajiri kuliko zote duniani ilikuwa na foleni hiyo. Benki ya chakula ambayo kila mwaka inatangaza kwa furaha kwamba imelisha watu wengi kuliko mwaka jana inapaswa kunyamaza kidogo baada ya kutangaza. Mishahara imefanya nini? Kodi za nyumba zimefanya nini? Ghala halijibu maswali hayo, na mwenye kulitumia kuwafumba midomo wanaoyauliza analitumia vibaya.

Hoja ya tatu: Chakula kipo, lakini si kila chakula huingia ghalani

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa kwetu, Gigiri, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, mikahawani na majumbani. Hicho ni karibu asilimia 19 ya chakula kilichomfikia mlaji. Hapo hamjahesabu kinachoharibika shambani na njiani kabla ya kufika sokoni, ambacho ni kama asilimia 13 nyingine ya kinachozalishwa. Mwaka 2023 watu wapatao milioni 733 duniani walikadiriwa kuwa na njaa.

Hizo ni hesabu za mbali. Ya karibu nendeni mkaione Kongowea saa tisa alasiri, nyanya zikishalainika na embe zikishaanza kutoa maji. Muuzaji anajua kwamba kesho hazitafika, na anajua pia kwamba kuzipeleka popote kunataka mkokoteni ambao hana pesa ya kuulipa. Au nendeni mashambani bara, mkaone mishiri iliyokataliwa kwa sababu imepinda na mnunuzi wa Ulaya anataka iliyonyooka. Mpishi wa shule hana ugomvi na mshiri uliopinda. Nairobi tayari liko shirika la Food Banking Kenya, linalookoa mazao ya namna hiyo na kuyapeleka shuleni na kwenye makao ya watoto. Kazi imeanza. Hatubuni gurudumu.

Ila naomba wenye moyo mwepesi wanisikilize hapa. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, hiyo ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Waliokufa walikuwa 125. Mimi ni mzaliwa wa Kitui, na baadhi ya majina niliyoyasikia mwaka ule hayakuwa mageni kwangu. Mahindi yale yalikuwa ya nyumbani. Watu walikuwa wametoka kwenye ukame, wakavuna mapema kwa kuhofia njaa na wezi, wakayaweka ndani yakiwa na unyevu, na kuvu likafanya kazi yake. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Ugali wake hauna harufu ya kukuonya.

Nakiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kamati moja ya mtaa iliyokusanya mahindi kwa ajili ya wenzetu wa bara walioingiwa na ukame. Watu walitoa kweli kweli. Debe hili, gunia lile, mengine yametoka kwa dalali, mengine kwenye dari ya jikoni. Mimi karani wa mzigo, mtu wa kupima na kuandika, nilichukua idadi na sikuuliza juu ya unyevu. Tuliyarundika kwenye chumba kisicho na madirisha tukingoja lori la bure. Lori la bure huja kwa wakati wake. Lilipofika, tulipofungua magunia ya chini, yalikuwa na vumbi la kijani. Tuliyachoma yote, mazuri na mabaya, kwa kuwa hatukuwa na njia ya kuyatenganisha. Mama mmoja aliyekuwa ametoa gorogoro mbili alisimama akitazama moshi, hakusema kitu. Mpaka leo nikipita kwake nageuza njia.

Kosa lile lilikuwa la bei ndogo. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na kipo kifaa cha mkononi cha kuupima. Kiwango cha sumukuvu kinachokubalika kwetu ni sehemu 10 kwa bilioni, nacho hupimwa maabara. Magunia yasiyopitisha hewa huua dumuzi bila dawa. Na ipo kanuni ya godauni niliyofundishwa wiki yangu ya kwanza kazini: kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Godauni linalotoa kile kilicho karibu na mlango litakuja kuzika kile kilicho ukutani.

Hoja ya nne: Mchango wa njaa uje wakati wa shibe

Sasa tumefika nilipotaka.

Wamarekani wamevumbua njia nyingi za kuchanga. Tangu mwaka 1993, Jumamosi ya pili ya Mei, wapeleka barua wa nchi nzima hukusanya chakula mlangoni kwa watu wakiwa katika mzunguko wao wa kawaida. Wewe unaacha mfuko wa mikebe kando ya sanduku la barua, basi. Mwalimu mmoja wa sanaa wa Michigan, mwaka 1990, aliwafanya wanafunzi wake wafinyange mabakuli. Wageni wakalipa, wakanywa supu na mkate, wakaenda nyumbani na bakuli tupu. Bakuli lile hubaki kabatini likikukumbusha. Jambo hilo limeigwa katika miji mingi.

Lakini mikebe ina hila yake. Ukinunua mkebe wa maharagwe dukani umelipa faida ya mwenye duka, ya dalali na ya msafirishaji, kisha benki inalipa tena kuubeba. Ukiipa benki pesa ile ile, yenyewe inanunua kwa jumla, inaokota kinachotolewa bure, na pesa yako inalipia mafuta ya lori. Feeding America husema dola moja huwezesha milo isiyopungua kumi. Ndiyo maana benki zilizokua hupokea mikebe kwa adabu, na huomba pesa kwa moyo wote.

Hapo mtu wa Ukambani aliye ndani yangu ananisimamisha. Kwetu kila njaa kubwa ina jina lake. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake ni "nakufa nikiwa nazo", yaani pesa zi mkononi na hakuna cha kununua. Nilikuwa kijana, nimetoka kuanza kazi bandarini, nilituma pesa nyumbani kama mtoto mwema. Mama aliniandikishia barua kwa mkono wa binamu yangu: pesa zimefika, duka halina kitu. Kisha yakaja mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambayo waliokula bado wanayakumbuka kwa kukunja uso. Kwa hiyo pesa si chakula. Pesa ni chakula pale tu inapokutana na mahindi, na hukutana nayo vizuri wakati wa mavuno. Mwezi ambao mkulima wa Trans Nzoia analalamika kwamba bei imeanguka, huo ndio mwezi wa benki ya chakula kuwa na pesa mkononi. Unamsaidia mkulima asiuze kwa hasara, unamwekea mwenye njaa wa mwaka ujao. Aprili na Mei, ghala za wengi zikiwa tupu na dalali amekaa juu ya magunia yake kama kuku juu ya mayai, pesa ile ile hununua kidogo.

Tazameni tulivyofanya mwaka 2011. Tahadhari juu ya ukame wa Pembe ya Afrika zilianza kutolewa Agosti 2010. Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu katika sehemu za kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai 2011. Wiki moja baadaye ikazinduliwa hapa kwetu kampeni ya Kenyans for Kenya, ya kampuni, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya, ikilenga shilingi milioni 500 katika wiki nne. Ililivuka lengo hilo. Kwa kuwa M-Pesa ilikuwapo tangu 2007, mtu wa kibanda na mtu wa ghorofa walichanga kwa njia moja, na sehemu ya pesa ilikwenda kwenye miradi ya maji na kilimo. Nilichanga. Najivunia mpaka leo. Lakini karani aliye ndani yangu anahesabu miezi: kutoka Agosti mpaka Julai ni miezi kumi na mmoja. Simu zetu zilikuwa mfukoni miezi yote hiyo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba Somalia peke yake ilipoteza watu wapatao 258,000 kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012.

Kisha tukasahau. Mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, Wakenya zaidi ya milioni 4 wakahitaji msaada wa chakula, na sisi tukaanza kutafuta mabango mapya.

Haya, harambee. Neno tulipewa na wachukuzi, likawa la taifa mwaka 1963, likajenga shule ambazo baadhi yenu mlisomea. Halafu likaugua. Mgeni rasmi akachelewa saa tatu, akaja na marobota ya noti ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi, na maskini akakatwa mchango na naibu chifu kabla ya kupewa mbolea. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma ilijaribu kuwazuia wakubwa wasitumie vyeo vyao kuchangisha. Sitaki kuizika harambee. Nasema harambee ya siku moja haifai kwa njaa, kwa sababu ghala linakula kila mwezi: mlinzi, umeme, mizani, mafuta ya lori, mshahara wa anayeandika. Vitu hivi havina picha nzuri. Hakuna mheshimiwa aliyewahi kukata utepe wa kipima unyevu.

Tunacho chombo kinachofaa kuliko harambee, nacho hakihitaji kubuniwa. Ni chama. Akina mama wa mtaa wangu hukutana kila mwezi, anayechelewa hulipa faini, na daftari lao nimeliona: halina kosa. Chama cha watu ishirini, kila mmoja akitoa kila mwezi bei ya gorogoro moja ya mahindi, gorogoro ya kilo mbili, kwa mwaka ni kilo 480. Hayo ni magunia matano ya kilo 90 na kilo 30 juu yake. Mwalimu, nimekosea? Haya, anatikisa kichwa kwamba sijakosea. Vyama mia moja ni tani 48. Hakuna aliyeuza mbuzi. Na kama pesa hizo zitanunua Novemba badala ya Mei, zitakuwa zaidi ya hizo.

Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Tumesahau kwamba kibaba si methali, ni kipimo cha nafaka. Vibaba vinne ni pishi moja. Waliotuachia maneno hayo walikuwa wamesimama kando ya ghala.

Hoja ya tano: Mpokeaji asiulizwe alie kwanza

Hii ni fupi, na nitaisema kwa kuazima kwa majirani zangu.

Mimi ni Mkristo niliyeishi Majengo miaka mingi, na kila mwisho wa Ramadhani nimeona zakatul-fitri ikitoka. Kwa kila mtu wa nyumba, mtoto mchanga kwa mzee, hutolewa pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo. Na kuna muda wake: itoke kabla ya sala ya Idi, ili siku ya furaha asiwepo mtu wa kuomba. Masheikh watanisahihisha nikikosea. Kama karani nasema hivi: kipimo kinajulikana, siku inajulikana, mtoaji ni kila mtu, na mpokeaji hapigwi picha. Nimesoma taratibu nyingi za ugavi katika maisha yangu, chache zimefungwa vizuri hivyo.

Mkaribieni mtu mwenye njaa na kamera, atakuja mara moja. Mara ya pili atamtuma mtoto.

Na sasa tuangalie mbele. Sikuja na mpango mkubwa. Nimeongea na wafanyabiashara watatu wa nafaka waliomo humu ndani, nao wamekubali kutuonyesha namna ya kuchagua mahindi kwa macho na kwa kifaa. Yupo mwenye godauni, hataki nimtaje, ambaye ana chumba kikavu chenye madirisha anachoweza kutuazima kwa mwaka mmoja. Misikiti, makanisa na shule zitakazotaka kuwa vituo zitalazimika kukubali jambo moja: kurudisha hesabu kila mwezi, hata mwezi ambao hawakupokea kitu. Kituo kisichorudisha hesabu hakitaongezewa, hata kama mchungaji wake ni shemeji yangu. Kwa wanasheria mlio hapa ninalo ombi pia: tuandalieni rasimu ya sheria ndogo ya kaunti itakayomkinga mtoaji wa chakula kwa nia njema. Mwenye duka akiipata karatasi hiyo, wakili wake atatulia.

Tutaanza kidogo, kwa vyama vinavyoweza kuhesabika kwa vidole, na mwisho wa mwaka daftari litabandikwa ukutani, ukurasa baada ya ukurasa, mtu yeyote asome. Ikiwa tutakuwa tumepoteza gunia, tutaandika kwamba tumepoteza gunia.

Mtakapotoka hamtakuta mkebe mlangoni, kwa sababu sitaki pesa mliyonayo mfukoni leo usiku mkiwa bado mna joto la mhadhara. Mtakuta meza, na juu yake daftari. Andikeni jina la chama chenu, siku mnayokutana, na kiasi mnachoweza kila mwezi. Trans Nzoia huanza kuvuna Oktoba. Chumba kile tutakifagia Septemba, Jumamosi ya kwanza, saa mbili asubuhi. Njooni na mifagio yenu.